Sere ya Goma ni mwavuli, si jiko

Mama mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia hivi: "Jambo sana agronomu. Nyuma ya nyumba niko na nafasi ya mita 6 kwa 10 lakini chini ni mawe ya volkano tupu. Kila mvua ikianza nyanya zangu zinaungua, majani yanakuwa meusi, wiki moja tu nabaki na miti mikavu. Nataka kujenga sere, ile nyumba ya plastiki ya kulimia, nipande nyanya na mboga zingine. Fundi ananiambia tufunge plastiki pande zote mpaka chini, iwe na joto kama za wazungu. Nisaidie, nianzie wapi, juu makuta yangu ni kidogo na sitaki kuyatupa."

Jambo sana Mama, na aksanti kwa kuuliza mbele ya kununua, juu wengi wananiandikia sere ikiwa imeshajengwa na nyanya zimeshakufa ndani, hapo inakuwa vigumu. Nianze na fundi wako. Kazi ya mbao pengine anaijua vizuri, lakini kwa hilo neno la kufunga pande zote usimfuate, hapo njo makuta yako yatapotelea. Sere za Uholanzi na Ufaransa wanazifunga juu kule baridi inaua mimea, wanatafuta joto. Sisi hapa tuko karibu na ikweta lakini tuko juu, Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, njo maana usiku tunapata digrii kama 15 na mchana kama 25, mwaka karibu mzima. Mama, hiyo ni hali yenye nyanya inaipenda sana! Joto tuko nalo tayari. Chenye kinatuua ni maji juu ya majani.

Huo weusi wenye unauona ni mildiu. Ni ugonjwa uleule wa viazi, jina lake la kitaalamu ni Phytophthora infestans, na mbegu zake zinapeperushwa na upepo kutoka kwenye mashamba na bustani za majirani, huwezi kuzizuia zisifike. Ila zikifika juu ya jani haziwezi kuingia kama jani ni kavu, zinahitaji jani libaki na maji kwa masaa mingi, kama usiku mzima hivi, na ubaridi kidogo. Sasa fikiria usiku wa mwezi wa kumi na moja hapa Goma, mvua saa mbili ya jioni, majani yanabaki na maji mpaka jua litoke. Ni karamu yake. Njo maana hata ukipulizia dawa kila wiki, mvua ya lisaa limoja tu inaiosha na unaanza tena upya. Weka paa juu ya nyanya, jani libaki kavu, na sehemu kubwa ya vita imeisha bila dawa. Kwa hiyo, katika kichwa chako, toa picha ya jiko lenye kufungwa, weka picha ya mwavuli mkubwa.

Hii najua kwa mwili wangu. Sere yangu ya kwanza niliifunga vizuri kabisa, plastiki mpaka chini, mlango wa plastiki, nilifuata michoro ya kitabu cha Ulaya. Nilitundika kipimajoto ndani na saa saba ya mchana kikapita 40. Maua yalianguka yote, juu nyanya ikipita digrii 35 poleni yake, ule unga wa ndani ya ua, inaharibika na ua haliwezi kuwa tunda. Halafu usiku joto likashuka, ule mvuke wote wenye ulitoka kwenye udongo na majani ukagandamana chini ya plastiki ukaanza kudondoka tone kwa tone juu ya mimea, na mildiu ikaingia ndani ya sere yenye haikuguswa na tone moja la mvua. Niliumia sana juu nilikuwa nimekopa ile pesa. Nilichukua kisu nikakata pande zote mbili kutoka chini mpaka kwenye paa, na majani yenye yaliota kisha hapo yalikuwa mazima. Toka siku hiyo sijafunga tena pande za sere hata moja.

Bon, tuingie kwenye kujenga. Nafasi yako ya 6 kwa 10 inatosha sere ya mita 4 kwa 8, ukiacha mita moja ya kuzunguka pande zote, na hiyo mita usiile, utaihitaji kwa kupitisha hewa, kwa mfereji, kwa kutengeneza plastiki ikipasuka. Nguzo za mikaratusi zinatosha, 5 kila upande, moja kila mita 2, zenye urefu wa mita 2 na sentimita 20 juu ya ardhi, na 3 ndefu za katikati zenye kufika mita 3 na sentimita 30. Hizo vipimo si za kupendeza macho. Paa likiwa la kulala, maji ya mvua yanajikusanya juu ya plastiki, inafanya tumbo, tumbo linaongeza maji, na usiku mmoja mbao zinavunjika. Paa likiwa na mteremko mkali maji yanakimbia. Na sere ndefu inapoa vizuri kuliko fupi, joto linapanda juu ya vichwa vya nyanya. Juu kabisa, upande mmoja wa paa upitishe upande mwingine kwa sentimita 30, mmoja juu mwingine chini, ili kati yao kubaki nafasi wazi urefu wote wa sere, hapo hewa ya moto inatokea na mvua haiingii. Hiyo nafasi uigeuzie mgongo upande wenye mvua inatokea kwa nguvu, wewe mwenye kukaa pale unaujua.

Mawe ya volkano usipigane nayo. Kwenye kuko ufa piga na baramini, ukipata sentimita 40 au 50 simamisha nguzo na uipige mawe. Kwenye jiwe ni zima, chukua ndoo za zamani za rangi, zile za lita 20, simamisha nguzo ndani, jaza beto yenye changarawe ya volkano, kisha panga mawe mazito kuzunguka ndoo, na uunganishe nguzo na mbao za mshazari kwenye pembe zote nne. Watu wengi wanafikiri upepo wa ziwa unasukuma sere, kumbe zaidi unainyanyua, unaingia chini na kuibeba kama karatasi. Kwa hiyo uzito wa chini njo uzima wa sere yako.

Plastiki sasa. Hapa njo pahali pa kutoa makuta bila kuhuzunika. Ile plastiki ya kawaida ya kufunika mizigo, jua letu linaikausha, miezi kidogo tu inapasuka kama jani kavu la mgomba. Uliza plastiki ya sere yenyewe, anti-UV, ni kusema yenye kuvumilia jua, unene wa mikroni 200, hiyo ukiitunza inafika miaka 3 na zaidi. Kwa sere yako unahitaji vipande viwili vya mita 3 kwa 9. Bashi (maturubai) nyeupe za misaada usitumie, mwangaza unaopita ni kidogo, nyanya itarefuka kutafuta jua na haitazaa kitu. Mbele ya kuvalisha, lainisha mbao na ufunike kila pembe kali kwa mpira wa ndani wa tairi ya zamani, na usipige musumari moja kwa moja kwenye plastiki, weka kipande cha mpira au ubao mwembamba juu yake kisha pigilia. Mbao zenye zinagusa plastiki zipake chokaa nyeupe, juu ubao mweusi ukipata jua unaichoma plastiki pale pale penye inagusa.

Pande zibaki wazi, na neti ya shamba yenye matundu madogo kutoka chini mpaka kwenye paa. Kama neti ni bei kali anza bila neti, weka tu plastiki ya sentimita 50 kule chini kuzuia matope ya kuruka na kuku, na kwenye upande wenye upepo mkali weka pazia la kukunja, unalishusha dhoruba ikija na unalipandisha ikipita. Chandarua ya kitanda achia watoto, malaria iko.

Mbele ya kuchimba hata ndoo moja, kuna neno la mazuku, na hili nakuomba ulisikilize vizuri. Upande wetu wa magharibi mwa mji, kuelekea Keshero, Mugunga na Bulengo, kuko mabonde madogo yenye gesi karbonike inatoka chini ya lava na kulala kule, juu ni nzito kuliko hewa. Haina harufu. Asubuhi mapema na siku zisizo na upepo njo inajaa. Ukiona pahali kwenye parsele pameinama na unakutaka mijusi, ndege ao panya wamekufa bila kidonda, usiweke sere pale, usichimbe pale, na usiache watoto wacheze. Hata mimea inaweza kuteseka, mizizi ikikosa hewa. Na sere yenye kufungwa pande zote juu ya pahali kama hapo inakuwa mtego wa mtu. Jenga kwenye kichwa cha parsele, si kwenye tumbo lake.

Udongo njo kitu chenye kitakusumbua kuliko plastiki, na watu wanatoa makuta yote kwenye paa wanasahau kwamba chini hakuna kitu. Ndani ya sere ya mita 4 unapata matuta mawili ya upana wa mita 1, urefu mita 7, njia ya katikati sentimita 80 na sentimita 60 kila pembeni. Zungusha kila tuta na mawe yale yale ya volkano, yapange bila simenti, kimo sentimita 40, tuko matajiri wa mawe, tuyatumie. Chini mwaga sentimita 10 za vile vijiwe vyepesi vyenye matundu, vinapitisha maji na mizizi haiozi, halafu sentimita 30 za udongo. Ukipiga hesabu ni zaidi kidogo ya mita kyubu 4 kwa matuta yote mawili, sehemu mbili udongo mweusi, sehemu moja fumye (mbolea) ya ng'ombe. Gari itaiangusha barabarani, na kutoka pale chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, italeta mpaka ndani. Fumye iwe imeoza, miezi mitatu hivi, ingiza mkono katikati, ukisikia moto ao ukisikia harufu ya mkojo bado, itaunguza mizizi.

Na muulize mwenye kukuuzia: huu udongo ulilimwa nini? Akisema viazi ao nyanya, kataa, hata akipunguza bei. Kuna ugonjwa wa kunyauka wenye unakaa katika udongo miaka, unashika nyanya, viazi, pilipili, bilingani, zote ndugu wa jamii moja. Mmea unanyauka ukiwa bado kijani, asubuhi unafufuka kidogo, siku ya tatu umekwisha. Kama siku moja unauona kwako, kata shina karibu na udongo, litumbukize katika glasi ya maji safi na ungoje dakika kidogo, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka ndani ya maji ni huo, hakuna dawa, ng'oa na mizizi na udongo wake, uchome mmea, na usipande tena jamii hiyo kwenye hilo tuta. Udongo wa chini ya migomba umenisaidia mara nyingi.

Maji. Ukiweka paa umeinyima nyanya mvua, sasa ni wewe mvua yake. Mmea mkubwa unakunywa lita 1 mpaka 2 kwa siku, na ukipanda mistari miwili kwa tuta, sentimita 50 kati ya mmea na mmea, unakuwa na miche kama 56, hiyo ni bidoni 3 mpaka 6 za lita 20 kila siku yenye jua. Mama, kubeba hizo bidoni kutoka kwenye robine ao kwenye ziwa kutakuvunja mgongo na kutakula faida yote. Paa lenyewe njo likupe maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 20 juu ya mita 32 inakuletea lita 640, hata ukipoteza kidogo unabaki na 500. Weka mfereji kila upande na mapipa, ongeza na paa ya nyumba. Kisha mwagia chini ya shina, asubuhi, usimwagie majani hata siku moja, juu hapo utakuwa umejenga mwavuli na kisha unajimwagia maji wewe mwenyewe chini yake. Mwagia kwa kipimo kimoja kila siku, usiache siku nne halafu umwage ndoo nzima. Ile nyanya yenye chini inakuwa nyeusi na kukauka kama ngozi, watu wanaipulizia dawa bure, si kidudu, ni mmea ulikosa kalisiamu juu maji yalikuja na kukatika.

Kitu kingine cha upande wako: upepo mara nyingi unasukuma moshi wa volkano ya Nyiragongo kuelekea magharibi, na mvua yenye inapita ndani ya ule moshi inashuka na asidi na floride. Umeshaona majani ya maharagi yenye pembe za kuungua kisha mvua ya kwanza, na mabati yenye yanashika kutu haraka. Paa la sere linakinga majani, hiyo ni faida yenye watu hawaihesabu. Kwa mapipa, acha mvua ya dakika za kwanza ipite na kuosha paa, kisha njo ukinge. Na maji hayo ni ya bustani, usiyafanye ya kunywa, juu kuchemsha hakutoi floride.

Utapanda nini? Wengi wanajaza sere lengalenga na shu na poaro, mimi naona ni kupoteza paa. Hizo zinavumilia mvua, ziweke nje kwenye ile mita ya kuzunguka, ndani ya magunia. Ndani weka vyenye mvua inaviua: nyanya kwanza, puavro (pilipili hoho), konkombre (tango) kidogo, na kona moja ya pepinyeri, pa kukuzia miche. Nyanya chagua yenye kupanda juu bila kusimama, kama Money Maker ao Anna F1, usichukue Roma ya ndani ya sere, Roma inakuwa kichaka kifupi, inazaa mara moja na kwisha, paa lako la mita 3 linakuwa la nini. Ile ndefu unaifunga kwa kamba kutoka kwenye mbao za juu, unaizungusha kwenye kamba kadiri inavyopanda, na kila wiki unatoa vichipukizi vyenye vinaota kwapani mwa majani vikiwa bado vidogo kuliko kidole, kwa mkono, si kwa kisu, na mikono iwe imenawa sabuni. Mtu mwenye kuvuta tumbako asiguse nyanya kabla ya kunawa, ugonjwa wa mozaiki unapitia kwenye vidole. Tunda la kwanza likianza kukua, toa majani yote yenye yako chini yake, hewa ipite. Na maua yakifunguka, kila siku saa nne ya asubuhi tikisa kamba kidogo, juu ndani ya neti nyuki ni wachache na upepo ni mdogo.

Usifikiri chini ya paa hakuna adui. Mildiu ikipungua, wale wenye kupenda ukavu wanakuja: utitiri, vidudu vidogo sana chini ya jani vyenye kufanya jani liwe na madoa ya manjano na utando mwembamba, na nzi weupe wenye kuruka kama unga ukigusa mmea. Kwa hizo, maji ya sabuni chini ya majani, jioni, na vibao vya rangi ya manjano vyenye kupakwa grisi vinavyotundikwa kati ya mimea vinasaidia kweli. Mbaya zaidi ni Tuta absoluta, kipepeo mdogo wa kijivu, funza wake anachimba njia nyeupe ndani ya jani kisha anaingia kwenye tunda. Jani la kwanza lenye njia kama hizo litoe siku hiyo hiyo na ulichome, usilitupe kwenye komposti. Ukilazimika kutumia dawa, soma siku zenye ziliandikwa kwenye paketi kati ya kupulizia na kuvuna na uziheshimu, ni watoto wako watakula ya kwanza.

Kwa makuta yako kidogo, mimi ningefanya hivi: mwaka huu mbao, plastiki nzuri ya paa na tuta moja tu lenye udongo mzuri, pande wazi. Tuta la pili na neti vitalipwa na nyanya za tuta la kwanza. Ukipata kilo 3 kwa kila mche msimu wa kwanza umefanya vizuri, mwenye kuzoea anapita hapo. Ukimaliza kuvuna usirudishe nyanya kwenye tuta lilelile, weka maharagi ao poaro msimu mmoja, nyanya ihamie ng'ambo.

Na saa njo muhimu, juu nyanya inakuwa bei sokoni Virunga wakati mvua inaharibu za watu wote. Mbegu ziende pepinyeri mwisho wa mwezi wa saba, wiki nne ao tano kisha hapo miche iko na kimo cha sentimita 15, unaihamisha mwanzo wa mwezi wa tisa jioni jua likishuka, unazika shina mpaka chini ya majani ya kwanza juu hapo linatoa mizizi mingine, na kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili unaanza kuchuma. Kwa hiyo paa liwe limesimama mbele ya mwezi wa nane kwisha. Fundi akimaliza nguzo, mbele hajavalisha plastiki, nitumie picha nione mteremko.